Siku Tulipotwanga Vinu Vitupu

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, Ndugu Diwani wetu, Sheikhe na Padre mlioketi bega kwa bega, ndugu wageni waalikwa, na ninyi akina mama mlionifanya mwenyekiti bila kuniuliza: wazee shikamooni, wengine wote salama?

Leo tunafungua nyumba hii ya umoja wetu hapa Newala, nyumba ambamo mwanamke aliyepigwa atalala bila hofu, na mimi nina furaha hata maneno yananikimbia. Lakini mnakumbuka tulianzia wapi? Kwenye foleni ya maji!

Mwaka ule wanunuzi binafsi walipoingia kugombea korosho zetu, Shamte alirudi nyumbani na redio mpya na mkono mwepesi. Mkewe Zuhra, huyu hapa, akaja bombani jicho limevimba. Wazee walishamwambia avumilie. Sisi tungefanya nini, tumvamie mume wa mtu? Mama Fikirini akasema, "Kwani kutwanga ni kosa?" Tukakubaliana: siku Zuhra akipiga kelele, kila mmoja ajitwishe kinu chake, tukatwange uani kwake, vinu vitupu, mpaka mume atoke.

Alasiri moja tukamsikia. Tukatwanga! Ila tulisahau kwamba huku kwetu vinu vingi vikilia pamoja, watu wanajua kuna shughuli. Kufumba na kufumbua, kijiji kizima kimefika na sahani. Mzee Haji, usijifiche, ulikuwa mbele na bakuli! Ukauliza, "Shughuli ya nani hapa?" Mlango ukafunguka, Shamte akatoka na fimbo, na nyuma yake Zuhra anavuja damu puani. Nani tena angesema hajui? Mzee Haji, uliweka bakuli chini ukamwambia, "Bwana mdogo, nipe hiyo fimbo." Nakupenda kwa neno hilo mpaka leo.

Na kwa kuwa nyumba ile imejengwa kwenye shamba la mama yake Zuhra, kama ilivyo desturi yetu ya mume kuhamia kwa mkewe, aliyefungasha ni Shamte na redio yake. Zuhra hakuhamisha hata kigoda! Tangu hapo wenzetu wa Tandahimba na Masasi wamekuja kujifunza kutwanga hewa.

Zuhra, mwanangu, chukua ufunguo huu. Mlango utaufungua wewe, si mimi wala Mheshimiwa.

Na ninyi wazee wangu, siku ile mlirudi na sahani tupu. Vinu mlivyovisikia alfajiri ya leo vilikuwa na mpunga ndani, na sufuria ziko tayari. Asanteni sana kwa kunisikiliza. Mzee Haji, lete bakuli lako.