Bi Kidevu, Aliyeona Jicho Likijisahihisha

Ifikapo tarehe 30 Juni, fundi wa vipimo katika maabara yetu ya macho, ambaye sote tunamwita Bi Kidevu, atastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja kazini.

Jina hilo lilitokana na maneno aliyomwambia kila aliyekuja kupimwa: "Kidevu hapa, paji la uso pale, kupepesa ruksa, kupiga chafya nipe taarifa." Hata wenye wasiwasi walicheka. Skrubu ya kishikizo cha kidevu ilipopotea, alikifunga kwa kifungo cha koti lake, kikadumu miaka minne.

Hapa mimi mwandishi naona haya, lakini nitaendelea.

Mwaka wake wa kumi na tisa tulikuwa tukiwaonyesha watu duara la vidoa vya rangi na kuwaambia watazame chekundu. Jicho liliporuka kukielekea, kompyuta ilizungusha duara kidogo, jicho likatua pembeni. Bi Kidevu aliona kwamba mara nyingi lilijisogeza upesi hadi kwenye kidoa kilekile chekundu. Akaniambia mbele ya wanafunzi, "Daktari, hii si hitilafu. Akili imeshika ile rangi wakati jicho liko njiani, ndiyo maana linajua pa kurudi."

Nikamjibu, "Wewe shughulika na videvu, kufikiri tuachie sisi." Wanafunzi wakacheka. Yeye akainama, akaendelea kufuta kishikizo.

Miezi minane baadaye nilipitia upya kumbukumbu za vipimo vile, nikakuta aliyosema ni kweli tupu. Mgeni mmoja akauliza nani aliligundua jambo hilo. Nikasema, "Mimi." Bi Kidevu alikuwa hatua tatu kutoka kwangu, ameshika kitambaa. Makala ikachapishwa kwa jina langu, nikapandishwa cheo. Kwa miaka kumi na miwili aliendelea kunisalimia kila tulipokutana, nami nikawa napitia mlango wa nyuma ili nisikutane naye.

Mwezi uliopita niliwaandikia wahariri wa jarida lililochapisha makala ile ukweli wote, nikaomba jina lake litangulie. Wamekubali. Nilipompelekea nakala ya barua, aliisoma mara mbili, akachukua kalamu. "Mwaka umeukosea," akasema, akausahihisha, akanirudishia. Hakusema amenisamehe, wala sikuthubutu kuuliza.

Dada yetu, kwa macho yako na subira yako, maabara nzima inakushukuru. Upumzike kwa raha, wajukuu wakuchoshe kwa furaha tu. Na samahani. Ilinipasa kuisema siku ileile, mbele ya watu walewale.