Levi Hiribae Aondoka Langoni, Bia Yaingia Jukwaani

Ndugu Levi Hiribae, bawabu mkuu wa Uwanja wa Darajani hapa Garsen, alistaafu Jumamosi tarehe 31 Mei 2025, baada ya kuitumikia Ligi ya Delta kwa miaka ishirini na sita na wiki chache. Alitakiwa kuondoka saa kumi na mbili jioni, kipenga cha mwisho kikishalia. Aliondoka saa kumi kasorobo, kabla mpira haujaguswa. Kamati imeniomba niandike wasifu wake kwa ajili ya jarida hili, na ikanisisitizia niandike mambo ya kufurahisha. Nitaandika yaliyopo.

Levi alizaliwa kando ya mto, chini kidogo ya mji, kwa wakulima wa mpunga na ndizi. Aliajiriwa Aprili 1999 kufyeka nyasi na kuchora mistari ya uwanja. Chokaa haikuwapo. Alizunguka jikoni kwa watu akikusanya majivu, na wachezaji wa zamani watakumbuka jinsi mlinda mlango alivyomaliza mechi akiwa mweusi magotini kama mchoma makaa. Uwanja haukuwa na ua wala lango, hata ilikuwa kawaida ndama kupita katikati ya kona. Mwaka 2006 ukuta ulipojengwa, Levi alipewa ufunguo, na hakuna aliyeufikiria ufunguo huo tena hadi mwezi uliopita.

Alikuwa mkali kwa namna yake. Siku moja alimzuia refa aliyesahau kitambulisho nyumbani Minjila. Refa akapandwa na hasira: "Mzee, bila mimi hakuna mchezo!" Levi akamjibu bila kuinuka kitini: "Na bila kitambulisho hakuna wewe." Mechi ilichelewa dakika arobaini. Kamati ilimwandikia barua ya onyo, naye akaibandika ndani ya kibanda chake ili kila refa aisome.

Kibanda hicho kilikuwa pale kwa sababu ya pombe ya mnazi. Sisi wakulima, watu wa mtoni, tulikuja mpirani na chupa na vidumu vyetu, na tusijifanye hatukuwa hivyo. Levi hakumhubiria mtu. Alichukua chupa yako, akaifunga kamba ya ukindu yenye mafundo, akakufunga mkononi kamba nyingine yenye mafundo yale yale, akakuambia utaikuta ukitoka. Ulipotoka uliikuta, na ilikuwa imejaa vilevile ulivyoiacha. Kwa miaka yote hiyo zilipotea chupa mbili tu, na moja iligunduliwa baadaye kwamba mwenyewe aliinywa kabla ya kufika.

Kisha ukaja mwaka ule wa mapigano kati ya wakulima na wafugaji, ambao sitausimulia, kwa kuwa kila msomaji wa jarida hili ana kaburi lake. Karibu miaka miwili hapakuwa na mpira. Ligi iliporudi mwaka 2014, jukwaa la magharibi lilijaa watu wa mtoni, na jukwaa la mashariki likabaki mbao tupu. Levi, ambaye kazi yake ilikuwa lango na si amani, alivaa koti lake la kazi akaenda hadi malishoni kumtafuta Mzee Duba, aliyesikilizwa na wafugaji wa upande huu. Duba alimsikiliza, akamwambia: "Tutakuja, Levi. Lakini wanawake na watoto wetu hawataketi penye harufu ya pombe. Kikombe kimoja kikiingia, sisi tunatoka." Levi akampa neno lake. Hapakuandikwa kitu. Wiki iliyofuata wafugaji walikuja wakakaa mashariki, kwenye mbao zinazotazama malisho, jicho moja likiwa kwa mpira na jingine kwa ng'ombe.

Aliyeleta jambo kubwa zaidi ni Qabale, muuza maziwa wa Garsen. Mechi ya tatu, wakati wa mapumziko, alimimina maziwa kikombeni, akampa jirani yake, jirani akanywa akampa anayefuata. Kikombe kilizunguka nyuma ya goli la kaskazini, kikafika magharibi, kikashikwa na mikono iliyokuwa na kila sababu ya kukimwaga. Hakikumwagwa. Kilinywewa na kurudi kitupu, Qabale akakijaza tena. Tangu siku hiyo ikawa desturi: mapumziko yakifika, vikombe vinazunguka, na mtu akikupa unakunywa. Huchungulii wala huulizi kimetoka kwa nani. Nimesoma vitabu vingi kuhusu maridhiano, vingine vinene kama matofali, na sijakutana na mkataba ulioshika kama kikombe kile.

Ndiyo maana kosa la Agosti 2017 lilikuwa la hatari, na lingeweza kutokea kwetu peke yetu. Silas, mpwa wa Levi, kijana wa miaka ishirini na minne aliyeishiwa na akili, alijaza mnazi kwenye kidumu cha maziwa akapita nacho langoni. Mnazi mpya ni mweupe. Ndani ya kikombe huwezi kuutofautisha na maziwa usipounusa. Yeye na wenzake walikunywa, wakacheka, halafu kikombe kikapita kwa mazoea ya mkono, mtu hadi mtu, kikafika mashariki. Aliyekipokea na kukinywa bila kuchungulia, kama desturi ilivyotaka, alikuwa Mzee Duba.

Alitema. Jukwaa zima la mashariki lilisimama kwa pamoja, na fimbo zilizokuwa zimelazwa chini ya mbao zikashikwa. Magharibi nako watu wakaanza kusimama. Mimi nilikuwa pale na naandika nilichokiona: Levi alitembea katikati ya uwanja, akamnyang'anya mtangazaji kipaza sauti, akasema, "Kosa ni la lango. Lango ni mimi. Mwenye fimbo aanzie hapa." Kisha akaenda kukaa kwenye mbao za mashariki, katikati ya watu waliokuwa wamesimama.

Silas alimlilia kutoka nyuma: "Mjomba, ilikuwa mzaha tu!" Levi hakugeuka. "Mzaha wako ulikuwa unatuchimbia makaburi. Toka, na usinionyeshe uso wako hapa msimu mzima."

Duba alisukutua kinywa, akasukutua tena. Akamwomba Qabale maziwa, akanywa nusu, nusu akampa Levi. "Kunywa," akamwambia, "halafu mwambie refa apige filimbi. Tunafungwa mbili kwa moja na jua linatuchwea." Wakaketi wote.

Kuanzia hapo Levi alinusa kila chombo kilichopita langoni, kiwe cha mkulima au cha mfugaji, cha mwenyekiti au cha mtoto wa chekechea. Foleni ilikuwa ndefu na kejeli zilikuwa nyingi. Qabale hakumwacha Levi apumue, akimwita kwa jina la mwanawe: "Baba Elsie, unanusa au unakunywa kwa pua? Maziwa yamepungua!" Naye alimjibu: "Nikikupitisha wewe bila kunusa, wiki ijayo Silas atakuja amejitanda mtandio wako." Watu walicheka, foleni ikasonga. Miaka minane hapakuingia tone.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo kamati ingependa nilipite.

Mwanzoni mwa mwaka huu alikuja mdhamini, kampuni ya bia, ambayo jina lake liko mgongoni mwa kila jezi na hivyo sina haja ya kulirudia. Sharti lake lilikuwa moja: bia iuzwe na kunywewa jukwaani. Kamati ilikutana tarehe 15 Machi. Hoja zilizotolewa zilikuwa nzuri, na afadhali zingekuwa mbaya. Mtu mzima aachwe achague. Wanaotaka kunywa wananywa nje hata hivyo, basi wanywe mbele ya macho yetu. Hata Ulaya wanafanya. Hoja hii ya mwisho ilipigiwa makofi na watu ambao hawajui kwamba Uingereza, wanayoitaja kila wanapotaka kubomoa kitu, imekataza tangu miaka ya themanini mtazamaji wa ligi kubwa kunywa pombe huku anautazama uwanja. Wenzetu hao walizika watu wao wakajifunza. Sisi tulizika wetu, tukajifunza, halafu tumetafuta mdhamini atusahaulishe.

Levi aliitwa aseme kwa dakika tatu. Alitumia moja. "Mimi sina ugomvi na pombe," alisema. "Kila Jumamosi nikifika nyumbani nakunywa mnazi wangu, mke wangu shahidi. Naulizia kikombe tu. Mkiruhusu bia jukwaani, nani atapokea kikombe bila kuchungulia?"

Mwenyekiti wetu, Bwana Dzombo, alimjibu kwa upole, maana ni mtu mpole: "Mzee Levi, dunia inasonga. Na Qabale na watu wake hatutawasahau, tutawatengea sehemu yao."

"Walikuwa na sehemu yao, mwenyekiti," Levi akasema. "Mwaka ule wa mapigano kila mtu alikuwa na sehemu yake."

Mtu mmoja akakohoa, tukapiga kura. Saba walikubali, mmoja akakataa. Aliyekataa ni Mwalimu Josephine, kocha wa timu ya wasichana. Mimi nilikuwa miongoni mwa wale saba. Nilikuwa nimeandika ukurasa mzima katika jarida hili kuhusu haki ya mtu mzima kunywa anachotaka anapotaka, na karibu kila sentensi ya ukurasa ule ningeitetea leo. Nilichokosea ni kwamba niliandika habari za mtu mmoja na chupa yake, na Uwanja wa Darajani haujawahi kuwa wa mtu mmoja. Levi alinisomea wazo hilo kwa dakika moja, na mimi, msomaji wa vitabu, sikulisikia.

Tulipanga bia ianze siku ya kuagwa kwake. Tuliona ni heshima. Mdhamini alitaka picha ya bawabu mkongwe akikata utepe kwenye kibanda kile kile cha chupa, ambacho sasa kimepakwa rangi na kutiwa jokofu. Zawadi yake ilikuwa kofia, fulana na kreti moja. Levi aliipokea kwa mikono miwili na kushukuru, maana amelelewa vizuri. Utepe alikataa kuukata, akisema mikono yake inatetemeka. Mikono yake haitetemeki.

Saa tisa na nusu alifika Qabale na mabinti zake wawili na vidumu vyao vitatu. Nyuma yake walikuwa wanawake wengine kama kumi, na Duba akija polepole na bakora. Qabale alifungua kidumu cha kwanza, akakiinua hadi usoni kwa Levi kama alivyozoea. Levi hakunusa.

"Kuna nini leo, Baba Elsie? Mafua?"

"Ndani kuna pombe, mama. Wameiruhusu. Inauzwa hapa nyuma yangu."

Qabale alitazama kibanda. Alitazama watu waliokuwa wamekwisha kushika makopo. Hakupaza sauti. "Kwa hiyo sasa unanusa ili ugundue nini?"

Mimi nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka hapo. Duba alifika, akaambiwa, akatikisa kichwa mara moja. Alimshika Levi mkono akamwambia, "Neno lako ulilishika wewe. Waliolivunja ni wengine." Wakageuka. Levi alivua koti la kazi, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya kiti chake pamoja na ufunguo. Akachukua vidumu viwili kati ya vitatu vya Qabale, maana vilikuwa vizito na njia ya kurudi ni ndefu, akatoka nao. Kreti aliiacha.

Mechi ilichezwa. Jukwaa la mashariki lilikuwa na watu kumi na mmoja. Niliwahesabu, na tisa kati yao walikuwa wafanyakazi wa mdhamini waliofuata nafasi ya kupiga picha. Mapumziko yalipofika, watu wa magharibi walikaa. Wengine walinyoosha shingo kuelekea nyuma ya goli la kaskazini, kama mtu anayesubiri mgeni aliyechelewa. Kila mmoja alikuwa ameshika kopo lake. Hapakutokea vurugu, na mwenyekiti ameandika hivyo katika ripoti yake: siku ilipita kwa amani. Naam, na nusu ya uwanja haikuwapo kuivuruga.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote wa Ligi ya Delta, namshukuru Ndugu Levi Hiribae kwa majivu ya mistari yetu, kwa chupa zetu alizozilinda, kwa pua yake tuliyoicheka, na kwa siku ile ya Agosti ambayo wengi wetu tuko hai kwa sababu yake. Tunamshukuru pia Mama Elsie, aliyetuazima mume wake kila Jumamosi kwa robo karne.

Baba Elsie, mto usizidi kingo zake mwaka huu, wala usikauke. Mpunga wako ukomae kabla ya ndege kuuona. Wajukuu wakusumbue kwa kiasi, na mnazi wako wa jioni uwe mtamu, ukiunywa mahali pake, nyumbani kwako.

Nimeomba kura irudiwe, na mwenyekiti amekubali: Jumamosi tarehe 14 Juni, saa nne asubuhi. Mwalimu Josephine atakuwa na mwenzake. Sijui kama wawili watatosha, na sijui kama Qabale atarudi hata tukishinda. Najua tu kwamba mkono wangu umechelewa miezi mitatu, na kwamba ulikuwa huru kuinuka siku ile wewe, Baba Elsie, ulipotuuliza nani atapokea kikombe bila kuchungulia.