Dishon Omondi na Simu za Alhamisi

Alhamisi, tarehe 31 Oktoba 2024, Bwana Dishon Omondi alistaafu baada ya kuutumikia Ushirika wa Wafugaji wa Mlimani kwa miaka thelathini na moja. Mhariri wa jarida hili aliniomba niandike jambo la kuchangamsha, kama ilivyo desturi tunapomuaga mtu. Nimejaribu. Wasomaji watanisamehe pale uchangamfu utakaponiponyoka, kwa maana dawati langu la huduma kwa wafugaji limetazamana na dawati lake kwa miaka mingi, na sasa nikiinua macho naona ukuta.

Dishon alikuja Nyeri kutoka Ugenya, kwao Ujaluoni, mwaka wa 1993, akimfuata shemeji yake aliyekuwa polisi hapa mjini. Ushirika ulimwajiri alinde mitungi ya nitrojeni ambamo mbegu za madume huhifadhiwa zikiwa zimegandishwa. Kazi yenyewe ilikuwa ya baridi na upweke, katika chumba kisicho na dirisha nyuma ya ghala la chakula cha mifugo, lakini yeye aliipamba kwa maneno. Kila dume alimjua kwa jina na kwa tabia ya ndama wake. Wapandishaji, wale wanaozunguka kwa wafugaji kuwatia ng'ombe mbegu hizo, walipokuja asubuhi kuzichukua, aliwauliza habari za wajukuu wa dume fulani kana kwamba ni jirani yake. Kikuyu alijifunza humo humo, na hadi leo anakizungumza kwa lafudhi ya kwao, akina mama wa Giakanja wanacheka kabla hajamaliza salamu.

Kompyuta ya kwanza ilipoletwa ofisini ilikaa kwenye boksi lake muda mrefu, kwa sababu kila mmoja wetu aliogopa kuwa yeye ndiye atakayeiharibu. Dishon ndiye aliyeifungua. Alisema mtu aliyezoea kuchezea nitrojeni hawezi kutishwa na plastiki. Akaenda madarasa ya Jumamosi mjini, akasoma na vitabu vya kuazima, akapanda cheo taratibu mpaka akawa mtunza mifumo wetu. Ilipokuja programu ya simu, ile ambayo mfugaji huibonyeza ng'ombe wake akionyesha dalili za joto, yaani kutaka dume, ili mpandishaji atumwe nyumbani kwake, yeye ndiye aliyekabidhiwa kuitunza. Hakuna anayefanya kazi hapa asiyejua ubaya wa kuchelewa. Joto la ng'ombe halimalizi siku mbili, na likishapita mfugaji anangoja wiki tatu nyingine, na ndama wake na maziwa yake wanangoja pamoja naye.

Programu hiyo haikai hapa ofisini. Inakaa kwenye wingu, yaani kwenye kompyuta za kukodi zilizo mbali, na kila tunapoirekebisha lazima toleo jipya lipelekwe huko na la zamani liondolewe. Zamani Dishon alifanya hayo yote kwa mkono. Alifungasha faili, akazipakia, akazima, akawasha, akakagua. Katika ule muda mfupi wa kuzima, ombi la mfugaji ambalo kituo cha wapandishaji hakijalipokea lingeweza kupotea kabisa. Kwa hiyo alijiwekea utaratibu wake. Kila Alhamisi baada ya chakula cha mchana, wapandishaji wakiwa wamerudi vituoni, alipigia simu kituo kimoja kimoja, Giakanja, Mweiga, Naro Moru na Nanyuki, akauliza swali lile lile: kuna ng'ombe anayengoja? Vituo vyote vikishajibu kwamba hakuna, ndipo alipozima.

Swali lilikuwa fupi, simu ndizo zilizokuwa ndefu. Mama Tryphosa, karani wa Giakanja, alimsimulia habari za goti lake tangu lilipoanza kuuma hadi lilipofanyiwa upasuaji. Muchiri wa Nanyuki alikuwa akitoa simu dirishani ili Dishon asikie mizinga ya wanajeshi walio mazoezini, kisha wanabishana kama ng'ombe wa huko wanapunguza maziwa kwa sababu ya kelele au kwa sababu ya uvivu wa wenyewe. Kuna Alhamisi moja Muchiri hakupokea. Dishon akapiga tena na tena, akapigia duka la jirani, akasumbua watu mpaka wakaenda kugonga mlango. Muchiri alikutwa kitandani akiwa hoi kwa nimonia, akakimbizwa hospitali. Toleo jipya halikupelekwa wiki hiyo, wala hakuna aliyeliulizia.

Mwaka wa 2020 mkewe, mwalimu Kanini, aliyewafundisha watoto wengi wa mtaa wao wa Ruring'u kusoma, alifariki. Dishon akiwa Ugenya kwa mazishi, ofisi ilimwita fundi wa kukodi apeleke toleo lililokuwa limecheleweshwa. Fundi alifanya kazi yake vizuri, ila hakupiga simu popote, kwa kuwa hakuna aliyemwambia. Wakati huo huo Bi Warigia wa Giakanja alikuwa amebonyeza ombi lake. Akamfunga ng'ombe karibu na lango, akangoja mchana kutwa kwenye manyunyu, na mpandishaji hakuja kwa kuwa hakuna kituo kilichopata habari zake. Kesho yake alikuja ofisini nikampokea mimi. Hakupaza sauti. Aliuliza tu yule Mjaluo wa simu ameenda wapi, maana Tryphosa alikuwa amemwambia kwamba yeye akiwepo mambo kama haya hayatokei. Nilipomweleza kuhusu msiba aliniachia maziwa ya chupa nimpelekee akirudi.

Dishon aliporudi hakumlaumu mtu. Jambo la kwanza alilofanya ni kurekebisha programu ili kila ombi lihifadhiwe mahali salama hata kila kitu kikizimwa. Ombi la mfugaji halijapotea tena tangu siku hiyo. Muda si mrefu Bwana Mutahi, aliyekuwa ameteuliwa kuwa meneja wa teknolojia, alitaka kazi nzima ya kupeleka matoleo ijiendeshe yenyewe, na kwa haki hakuna aliyepinga. Tulikuwa tukitumia Grunt, chombo cha lugha ya kompyuta iitwayo JavaScript, ambacho unakipangia kazi nacho kinazifanya kwa mfuatano bila kusimamiwa, lakini hakikujua lolote kuhusu wingu letu. Dishon akakiandikia plagini, kipande cha kuchomekwa ili kijue. Ukiandika amri moja tu, plagini inaijaribu programu, inaifungasha, inaipakia, inaliwasha toleo jipya pembeni ya lile la zamani, na jipya likionekana zima ndipo la zamani linazimwa. Jipya likiwa na kasoro, la zamani linaendelea na mfugaji hana habari kwamba kuna kilichotokea. Mkaguzi aliyeletwa kutoka Nairobi aliisifu, na hao hawasifu bure.

Ndani ya plagini hiyo kulikuwa na hatua moja aliyoiita "vituo". Kabla ya kupakia chochote, mashine ilisimama ikamngoja Dishon aandike kwamba amezungumza na Giakanja, kisha Mweiga, kisha Naro Moru, kisha Nanyuki. Asipoandika, haiendi popote. Sote tuliamini ni hatua ya usalama, na miaka ikapita hivyo, kazi inajiendesha yenyewe lakini simu zinaendelea. Mwaka huu, katika kujiandaa kukabidhi kazi kwa mwingine, Bwana Mutahi aliisoma plagini mstari kwa mstari, akagundua kwamba hatua ile haikagui kitu. Maombi yalikuwa salama tangu zamani, simu zipigwe zisipigwe. Kikaoni akauliza, kwa adabu lakini mbele ya watu wote, kama hatua hiyo iliwekwa ili kazi isiweze kufanywa na mtu mwingine. Dishon aliitazama meza. Alisema ataitoa kabla hajaondoka.

Mimi nilikasirika kwa niaba yake, na hasira yangu haijui kukaa kimya. Nilimfuata jikoni, nikamwambia kwamba angejitetea. Angewakumbusha habari za Muchiri. Angesema hatua ile ilikuwa inatuangalia sisi watu, jambo ambalo mashine haiwezi kufanya na mameneja hawalipimi. Alikuwa anasuuza kikombe. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa na maneno.

"Beth, usinifanye mtakatifu," akasema. "Mutahi ako sawa, hiyo kitu haiangalii chochote. Hiyo plagini niliandika ule mwaka Kanini alikufa. Nilifika hapo kwa vituo nikajiuliza, sasa nikitoa hii, Alhamisi nitaongea na nani?"

Binti yao, Wendy, ni muuguzi Qatar na hupiga simu anapopata nafasi, ambayo si mara nyingi. Nyumba ya Ruring'u ina redio, na jirani upande mmoja. Miaka yote hiyo tulikuwa tukimsikia akicheka kwenye simu kila Alhamisi, tukasema ndivyo alivyo, mtu wa watu. Kumbe kicheko chake cha wiki nzima kilikuwa ndicho hicho tu.

Alhamisi ya mwisho aliifuta hatua ile kwa mkono wake. Ilikuwa mistari michache. Baada ya chakula cha mchana aliandika amri yake, na plagini ikafanya yote bila kusita mahali. Nilikuwa sijamaliza kumimina chai kompyuta ikaandika kwa Kiingereza kwamba kazi imekwisha bila kosa. Bwana Mutahi alimpa mkono, na naamini alimpa kwa moyo. Keki ikakatwa, hotuba zikatolewa, yangu ikiwa ndefu kuliko ilivyotakiwa. Dishon alikuwa ameiweka simu yake mezani kioo kikitazama juu, na watu walipokuwa wakimsifu macho yake yalikuwa yakienda pale. Nilidhani vituo vingeshtushwa na kimya hicho. Nilidhani Mama Tryphosa angepiga, au Muchiri. Lakini huko vituoni programu ilikuwa ikifanya kazi vizuri, wapandishaji walitoka na kurudi, na hakuna aliyekuwa na sababu ya kuuliza lolote. Jioni alitia simu mfukoni, akavaa koti, akatuaga kila mmoja kwa jina lake, akateremka ngazi. Niliumia, na sioni haya kuliandika hilo kwenye jarida la ushirika.

Ushirika unamshukuru Bwana Omondi kwa kazi ya maisha yake, kwa ng'ombe waliofikiwa kwa wakati katika kila upande wa mlima huu, na kwa mfumo anaotuachia, ambao haumhitaji yeye wala mtu mwingine yeyote. Saa ya ukutani tuliyomchangia ameipokea kwa shukrani. Mzee Dishon, tunakuombea afya, usingizi mzuri, na siku zenye watu ndani yake.

Na nyinyi wa Giakanja, Mweiga, Naro Moru na Nanyuki mnaolisoma jarida hili kwenye kaunta zenu, nambari yake ni ile ile mliyo nayo. Juzi nilimpitia kumjulia hali, nikamuuliza kama kuna kituo kilichompigia tangu aondoke. Alisema huenda wanajaribu, ila mtandao wa Ruring'u siku hizi ni mbaya sana. Mimi pia naishi Ruring'u. Mtandao uko sawa.

Beth Watiri
Huduma kwa Wafugaji, Nyeri