Kengele Mpya ya Kisian

Nakhumicha: Haloo? Nani mwenzangu? Namba hii siijui.

Waswa: Ni mimi, Waswa. Nimeomba simu ya askari wa geti.

Nakhumicha: Ndugu yangu, Bwana asifiwe. Nairobi mko salama?

Waswa: Asifiwe. Dada, ile picha ulinitumia, ya kengele ya kanisa—

Nakhumicha: Umeiona? Si Mungu ni mwema. Miaka yote tunagonga rimu ya lori, sasa ametuangushia—

Waswa: Ilianguka lini?

Nakhumicha: Jumanne, shambani kwa Wakoli. Ni ya mviringo, kama mtungi. Ukiigonga inasikika mpaka Otonglo. Watu wa vyuma vikuukuu walikuja mbio, baba yetu akawafukuza na fimbo.

Waswa: Ilikuwa na harufu?

Nakhumicha: Ya samaki. Lakini huku Kisian, ziwani, ni nini hakinuki omena?

Waswa: Kwa picha ni safi. Nani aliiosha?

Nakhumicha: Mimi. Kulikuwa na maji-maji kwa kitundu kimoja. Nikaisugua mpaka ikang'aa.

Waswa: Macho yako yako aje?

Nakhumicha: Yanawasha. Ni moshi wa jikoni. Kifua nacho ni hii baridi. Mbona?

Waswa: Yule mkubwa ninayemwendesha, wa Wizara ya Ulinzi. Wiki yote huko nyuma ya gari ni simu tu. Kuna nchi imelipua setilaiti yake huko juu, inajaribu silaha.

Nakhumicha: Yesu. Ni vita?

Waswa: Bado. Wakubwa wengine wanataka Kenya ipinge silaha za angani mbele ya mataifa. Wengine wanasema hiyo nchi ndiyo inatupatia rada, tunyamaze. Jana wamekubaliana: kwetu hakuna kitu kilianguka.

Nakhumicha: Na si kimeanguka?

Waswa: Kwa nini unafikiri nimepiga na simu ya watu?

Nakhumicha: Basi waje wakichukue.

Waswa: Watakuja. Lakini hawatauliza nani alikishika. Ile ni tangi ya setilaiti, na ile maji ni mafuta yake, ni sumu, dada. Nenda hospitali leo. Na usimwambie mtu, nitafungwa.

(Mkwaruzo.)

Nakhumicha: Unakatika-katika. Nitaenda baada ya ibada. Leo tunaiweka wakfu.

Waswa: Mnafanya nini?

Nakhumicha: Umesahau kwenu? Kitu kipya cha kanisa, kila mtu anakiwekea mikono, tunaomba. Baba ndiye anaanza. Niko hapa mlangoni, wamepanga laini mpaka barabarani. Watoto ndio wako mbele.

Waswa: Wasiiguse. Nakhumicha, mtu yeyote asii—

Nakhumicha: Nitasema nini? Si umesema utafungwa? Waswa. Wameanza wimbo.

Waswa: Waambie.

Nakhumicha: Na wewe?

Waswa: Kredo ya simu inaisha. Waambie tu. Sema ni mimi nime—

Nakhumicha: Haloo? Waswa?

(Kengele inalia, mara moja.)

Nakhumicha: Baba, ngoja. Baba, toa mkono. Niko na neno.