Mkanda Mweusi wa Agnela Tarimo

Baba paroko, ndugu, majirani na waombolezaji wote, familia imenituma mimi, mdogo wa marehemu, niwasomee maisha yake, na kwa kuwa alichukia sana mtu anayekula muda wa wenzake, nitakwenda mbio.

Ludovick Aloyce Tarimo alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 huko Mashati, Rombo, akasoma shule ya msingi hukohuko hadi 1976, kisha akaja Arusha kujifunza ufundi umeme, kazi aliyoifanya miaka arobaini kwa uaminifu wa kuchosha, maana hata swichi ya nyumbani kwangu aligoma kuifunga mpaka nipange foleni na wateja wengine.

Mwaka 1983, katika ukumbi mmoja wa Kijenge, alianza karate, na taabu yetu ikaanza hapo, kwani tulitegemea ngumi, yeye akatuletea kuinama, kuwahi na kunyamaza, hata mwaka 1988 mlevi alipomzaba kibao pale Sokon One, mimi nimeshavua koti, yeye akasema, "Samahani, mzee," tukaondoka, na aibu ile ninayo mpaka leo.

Alifunga ndoa takatifu na Kandida tarehe 6 Oktoba 1990, wakajaliwa watoto wawili, Brian na Agnela, na wajukuu watatu.

Agnela alimfuata baba yake, ambaye sasa alikuwa mwalimu, kwenye karate, na miguu yake mnaijua, tatizo ni hasira, kwa sababu mwaka 2019, wiki ya mtihani wa mkanda mweusi, alivunja kioo cha bodaboda kwa teke, baba akamfuta kwenye orodha, na 2022 akamfokea mwanafunzi mwenzake, akafutwa tena, nikamwendea marehemu nikamwambia, kaka, huyu si ni binti yako, mpe hicho kitambaa tupumue, akanijibu kwamba hapewi mtu kwa kuwa ni mtoto wa fulani, anapewa aliyejishinda.

Februari 2025 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, akafariki Ijumaa tarehe 13 Juni akiwa na miaka 64, siku moja kabla ya mtihani ambao safari hii jina la Agnela lilikuwemo, nao ukaahirishwa kwa ajili ya msiba.

Jana, tukipanga nguo zake, tulikuta mkanda mweusi mpya, jina la Agnela limeshonwa kwa uzi wa dhahabu, tukalia, nikampelekea auvae leo kaburini, akaurudisha mikononi mwangu, "Baba mdogo, mtihani sijafanya," nami nikawaka, nikamwita kichwa ngumu na mengine ambayo baba paroko asiyasikie, mbele ya wageni wote, na huyu binti wa mateke akanisikiliza mpaka nikamaliza, akainama, akaenda kuwapa wageni chai.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Kijenge, mafundi wenzake, na wanafunzi wake waliofika asubuhi hii kabla hata ya sisi wenye msiba.

Kaka Ludovick, pumzika kwa amani, mkanda ninao mimi, na mtihani ni Jumamosi ijayo.