Ña Eusebia, Mlinzi wa Chumba cha Buluu

Ijumaa hii, tarehe 30 Agosti, Ña Eusebia Villasanti anastaafu baada ya kulitumikia gereza letu la wanawake kwa miaka thelathini na miwili, mingi kati ya hiyo akiwa Mkuu wa Ofisi ya Ziara za Faragha. Mkurugenzi ameniomba niandike wasifu huu wa jarida letu kwa kuwa meza yangu imetazamana na yake muda wote huo. Alisisitiza nigusie nidhamu, basi naanza na nidhamu.

Ng'ambo ya ukuta wetu kuna gereza la wanaume. Huko mfungwa akitaka kukaa faragha na mwenzi wake, hutaja jina na siku, na jibu hupatikana kabla barafu ya tereré, chai yetu ya baridi, haijayeyuka. Akileta jina jingine mwezi unaofuata, karani humtania kidogo, basi. Upande wetu, kwa kuwa wanawake ni viumbe wa kulindwa, mfungwa huleta cheti cha ndoa, barua ya tabia njema, cheti cha daktari, uthibitisho kwamba hatashika mimba na neno zuri kutoka kwa padri. Akishakamilisha yote, Ña Eusebia humuuliza kama amefikiri vizuri.

Uangalifu huo umetuletea sifa. Wizara ilitutunuku ngao ya ofisi isiyo na kashfa miaka mitano mfululizo, na mmoja wa miaka hiyo hatukuwa na ziara hata moja. Naendelea bila wasiwasi, kwa sababu Mkurugenzi huacha kusoma jarida hili akishaiona ngao.

Chumba chenyewe, kile cha buluu kando ya jiko, Ña Eusebia alikitunza kama altare. Alipiga pasi mashuka yake kila Jumatatu, awe amekuja mtu au asije. Ufunguo aliuvaa shingoni. Juu ya kitanda alitundika picha ya Bikira wa Caacupé, na wale wachache waliobahatika kuingia walimfunika Bikira kwa taulo. Ña Eusebia aliliondoa taulo, akalifua, akalirudisha, wala hakuwahi kumsema mtu.

Lakini kazi iliyompa jina ni ombi la Gricelda Benítez. Gricelda alikamatwa langoni kwa hao wanaume akimpelekea mumewe, Cirilo, bangi ndani ya chipa, mkate wetu wa jibini. Cirilo ndiye aliyeiagiza. Alihojiwa kama shahidi, akarudi kulala. Cirilo alikuwa amepewa miaka minne kwa kuiba ng'ombe wa watu. Gricelda alipewa saba, na jaji akaongeza mmoja kwa maelezo kwamba mama wa watoto alipaswa kuwa mfano. Cirilo si mama wa mtu, hivyo hakuongezewa kitu.

Waliomba kukutana siku moja, kila mtu kwa ofisi yake. Ombi la Cirilo lilikubaliwa alasiri ileile. Kwa hiyo, kisheria, Cirilo aliruhusiwa kuwa na mkewe, ila mkewe hakuruhusiwa kuwa na mumewe, na sisi ofisini hatukuona tatizo. Cheti cha ndoa kilikuwa mbali, mjini Concepción, daktari alikuwa likizo, padri alitaka maungamo kwanza. Kila asubuhi Gricelda alisimama mlangoni na ndoo yake ya kudekia akauliza, na Ña Eusebia akamjibu kwa upole kwamba ombi linaendelea vizuri.

Liliendelea vizuri zaidi ya mwaka mmoja. Ruhusa iliposainiwa, Cirilo alikuwa ameshaachiliwa na anaishi mjini Encarnación na mwanamke mwingine. Ña Eusebia ndiye aliyebeba mzigo wa kumwambia. Gricelda alisikiliza hadi mwisho, halafu akauliza kama ruhusa imefutwa. Haikuwa imefutwa.

"Basi Jumamosi nakuja, Ña. Peke yangu. Bwenini tuko arobaini, taa haizimwi, choo hakina mlango. Nipe hicho chumba tu, na mlango nifunge mwenyewe."

Kanuni zetu zina kurasa nyingi kuhusu mume anayekuja. Kuhusu asiyekuja hakuna hata mstari. Jumamosi hiyo Mkurugenzi alipita akauliza mgeni yuko wapi, na Ña Eusebia, ambaye hajawahi kupindisha hata nukta, akamtazama usoni.

"Amechelewa, bwana. Tunamsubiri."

Kisha akauvua ufunguo, akampa Gricelda, akaketi nje ya mlango na birika lake la tereré. Askari aliyekuja kuhesabu wafungwa alifukuzwa kwa jicho. Hadi jioni kilichosikika ndani ni mkoromo tu, na sikuona aibu kulia.

Tangu hapo maombi yamekuwa mengi, na waume wote huchelewa. Mwezi uliopita Wizara ilituandikia kutupongeza kwa kuimarisha ndoa.

Ña Eusebia, ahsante kwa yote, hata kwa yale uliyotuchelewesha. Huko Areguá unakohamia tunakuombea afya, stroberi tele, na alasiri ndefu ambazo hakuna atakayekugongea mlango. Ufunguo ninao mimi sasa. Jumamosi hii ni zamu ya Obdulia, mfungwa wa jikoni. Cheti chake cha ndoa ni safi kabisa, na hakuna aliyemuuliza kama mumewe yu hai. Mume huyo alizikwa miaka tisa iliyopita. Tunamsubiri.

Nimia Caballero,
Ofisi ya Ziara za Faragha