Nélida Etcheverry na Chumba Chake cha Kanda

Tarehe 30 Juni mwaka huu wa 2023, Nélida Etcheverry anastaafu baada ya kuitumikia Redio Ribera ya hapa mjini Salto kwa miaka thelathini na sita. Yote aliitumikia katika chumba cha kanda, isipokuwa miezi mitano ambayo lawama yake ni yangu. Nitaifikia.

Alipoajiriwa mwaka 1987 alikuwa na umri wa miaka ishirini na minne. Kazi yake ilikuwa kusafisha kanda za zamani za sauti, kuziunga zilizokatika na kuziandika majina. Ulipopita mlangoni kwake mchana ulimkuta amevaa visikizi, macho ameyafumba, anasikiliza mvua ya mwaka 1961 ikinyesha juu ya mabati ya bandari. Ulihisi ukivuka kizingiti utalowa.

Sasa, saa nne asubuhi kibuyu cha mate, yale majani yetu machungu ya kunywa kama chai, huzunguka hapa kazini: mrija mmoja, watu kumi, umbea usio na idadi. Mnaijua sheria: ukisema asante umetosheka, hupewi tena. Sisi wengine tulisema asante kwenye raundi ya sita au ya saba. Nélida aliisema kwenye raundi ya kwanza, akarudi zake chumbani taratibu. Tukaona anaringa. Mimi ndiye niliyembandika jina la Mtawa, likamganda miaka. Kumbe mwenyewe alijiona mgonjwa. Baadaye alinieleza kwamba kila Jumapili alijifunza kupiga soga mbele ya kioo, peke yake, kama anayejiandaa kwa mtihani.

Mwaka 2004 nikajitia daktari. Nilimshawishi mkurugenzi wetu, Doña Irma Sosa, amtoe kwenye kanda awe mwenzangu katika kipindi cha asubuhi. Nélida alikubali, maskini, akanikabidhi funguo za chumba chake akidhani ndiyo dawa. Kwa miezi mitano alicheka nilipocheka, akajibu simu za wasikilizaji, akakonda. Huku nyuma kanda zikaanza kuota kuvu. Siku moja alikwama hewani, sekunde kumi na moja bila neno, nami nikamtania mji mzima ukisikia. Hakulia. Alivua visikizi akapanda ngazi hadi kwa Doña Irma, mimi nikimfuata nikibabaika kuomba radhi.

"Kanda mbovu naijua nikiisikia, Doña Irma," alisema, sauti ileile ya chini. "Mimi si mbovu. Acheni kunitengeneza. Nirudishieni chumba changu, au leo naenda nyumbani."

Doña Irma alinitazama mimi, si yeye. "Wáshington," akasema, "mpe mwenzio funguo zake."

Hapo ndipo alipochanua. Alirudi na wazo la kipindi cha dakika kumi kila Jumapili: yeye anataja mahali na mwaka tu, kisha inafuata sauti yenyewe. Kivuko kikielekea Concordia, ng'ambo ya mto. Cherehani ya fundi fulani. Wachumaji wa machungwa wakiitana kwenye ukungu. Watu waliandika barua wakisema wamewasikia marehemu wao. Tangu wakati ule, kila aliposema asante kwenye mate, aliisema akitabasamu, na hakuna tena aliyemsema.

Kuhusu sherehe, hotuba amezikataa, keki ameikubali. Ameomba kitu kimoja: saa kumi jioni tuingie sote chumba cha kanda, tukae sakafuni, arekodi dakika mbili za sisi kuwa kimya pamoja naye. Anasema kila chumba kina sauti yake watu wake wakitulia, na ya kwetu hajawahi kuipata kwa sababu mimi sijawahi kumpa nafasi. Ni kweli tupu.

Nélida, nisamehe tena. Kwa niaba ya wote, asante kwa miaka uliyotusikiliza. Tunakutakia nyumba tulivu na asubuhi ndefu, na ukituchoka, redio uizime bila kujieleza kwa mtu. Mimi dakika mbili za kunyamaza sijawahi kuziweza maishani. Hizi nitaziweza.

Wáshington Píriz
Kipindi cha asubuhi